Usibonyeze "Lipa" Mara ya Pili: Kazi Inayoendelea Chinichini Ukishalipa Mtandaoni

Tuseme ni Ijumaa jioni. Unaagiza keki ya birthday kwenye tovuti ya mama mmoja anayeoka nyumbani kwake Thika. Bei ni KSh 1,800. Unaweka namba yako ya simu, unabonyeza "Lipa", simu inakuletea ombi la kuweka namba ya siri, nawe unaiweka. Halafu kiduara kwenye ukurasa kinaanza kuzunguka. Sekunde kumi, ishirini, thelathini. Mwishowe ukurasa unakuambia: "Kuna hitilafu. Jaribu tena."

Unafanya nini hapo? Wengi wetu tunajaribu tena. Ombi linarudi kwenye simu, namba ya siri inawekwa mara ya pili, na baada ya dakika moja SMS mbili zinaingia zikifuatana. KSh 1,800 imetoka, na KSh 1,800 nyingine imetoka. Keki ni moja, lakini umelipa KSh 3,600.

Sasa lawama zinaanza. Mteja anasema pesa yake imeliwa. Mwenye duka anasema yeye kwake anaona oda moja tu. Lakini mara nyingi hakuna mwizi hapo. Shida ni kwamba tovuti ilijaribu kufanya kazi zote huku mteja amesimama anangoja, badala ya kupokea oda, kumjibu haraka, na kuacha ile kazi ndefu iendelee chinichini.

Leo tutajifunza maana ya hiyo kazi ya chinichini. Sehemu ya kwanza ni ya kila mtu anayelipa kwa simu. Sehemu ya pili ni yako wewe mwenye duka la mtandaoni, au fundi wako wa tovuti. Hata kama huandiki programu, isome, ili siku ukiongea na fundi ujue unamuuliza nini.

SEVA NI KAMA KIBANDA CHA CHAKULA

Seva ni kompyuta inayohifadhi tovuti na kujibu kila anayeifungua. Ifikirie kama kibanda cha chakula saa saba mchana. Kuna wahudumu watano. Mteja akiingia, mhudumu mmoja anakuja, anachukua oda, na kumjibu.

Sasa fikiria kibanda ambacho mhudumu akishachukua oda ya chapati, anaenda jikoni mwenyewe, anakanda unga, anasukuma, anachoma, halafu ndiyo anarudi. Kwa wateja watano wa kwanza hakuna neno. Wa sita akiingia, hakuna wa kumsikiliza. Wa kumi anaangalia saa, anaondoka.

Piga hesabu. Seva yenye wahudumu 5, kila oda ikichukua sekunde 30, inaweza kuhudumia watu 10 pekee kwa dakika. Wahudumu hao hao wakichukua oda tu, wakimpa mpishi karatasi na kurudi kwa mteja ndani ya nusu sekunde, wanaweza kuhudumia watu 600 kwa dakika. Kompyuta ni ile ile, kilichobadilika ni mgawanyo wa kazi.

Kibanda kizuri kina mhudumu na kina mpishi. Mhudumu anaandika oda na kusema, "Sawa, imepokelewa." Mpishi anapika huko nyuma. Mteja akiamua kutoka nje kupokea simu, chapati haiachi kuiva. Hiyo ndiyo kazi ya chinichini: kazi inayoanzishwa na mteja lakini isiyomtegemea mteja aendelee kusimama pale.

SAFARI YA MALIPO YAKO, HATUA KWA HATUA

Malipo ya simu yalijengwa hivi tangu mwanzo. M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka wa 2007, mtu alituma pesa kupitia menyu ya laini yake, kisha akangoja SMS. Ombi lilikuwa kitu kimoja na matokeo yalikuwa kitu kingine, yaliyokuja baadaye kidogo. Leo tunalipa kwenye tovuti na programu za simu, lakini mpango ni ule ule:

1. Unabonyeza "Lipa". Tovuti ya duka inatuma ombi kwa mfumo wa malipo: namba fulani, kiasi fulani.

2. Mfumo wa malipo unajibu duka papo hapo: "Ombi limepokelewa, namba yake ya kumbukumbu ni hii." Hapa hakuna hata shilingi imetoka kwako.

3. Simu yako inapata ombi la namba ya siri. Ombi hili halikai milele. Usipojibu kwa muda uliowekwa, linafutika.

4. Ukiweka namba ya siri, mfumo unaangalia salio na kuhamisha pesa. Salio likiwa dogo, au ukikatiza mwenyewe, muamala haufaulu.

5. Mfumo wa malipo unatuma ujumbe wa matokeo kwa seva ya duka: umefaulu, au haukufaulu na sababu ni hii. Wewe nawe unapata SMS.

6. Duka linaandika kwamba oda imelipwa, linatengeneza risiti, linamjulisha anayepakia mzigo.

Angalia vizuri hatua ya 2 na ya 5. "Ombi limepokelewa" si sawa na "malipo yamekamilika". Kati ya hizo mbili kuna wewe unayetafuta miwani ili uone namba, kuna mtandao unaosuasua, na kuna muda. Tovuti inayochanganya hizo hatua mbili ndiyo inayokuletea ule ujumbe wa hitilafu wakati pesa tayari iko njiani.

KUFUNGA UKURASA HAKUSIMAMISHI MALIPO

Watu wengi wakiona mambo yamekwama wanafunga ukurasa wakidhani wameokoa pesa. Hapana. Ukishaweka namba ya siri, kazi imehamia kwenye mfumo wa malipo, na mfumo huo hauangalii kama ukurasa wa duka uko wazi au umefungwa. Simu inaweza kuzima chaji, intaneti inaweza kupotea, na muamala ukaendelea hadi mwisho.

Ni hivyo hivyo kwa wanaotumia menyu ya nyota na reli. Menyu ikikatika kabla hujaweka namba ya siri, hakuna kilichotumwa. Ikikatika baada ya kuiweka, usiseme imekataa. Ngoja ujumbe.

Kuna jambo la kukutuliza pia. Kwa malipo ya aina hii, ukurasa peke yake hauwezi kukutoa pesa mara ya pili. Lazima wewe uweke namba ya siri tena. Kwa hivyo kinga ya kwanza dhidi ya kulipa mara mbili iko kwenye kidole chako.

WEWE MLIPAJI, FANYA HIVI

Kwanza, ukurasa ukikwama baada ya kuweka namba ya siri, usibonyeze chochote. Angalia SMS zako.

Pili, SMS isipoingia, angalia salio au orodha ya miamala yako ya karibuni. SMS inaweza kuchelewa njiani au simu yako ikawa imejaa jumbe, lakini salio ndilo linaloonyesha kama pesa imetoka.

Tatu, ukiona pesa imetoka na duka linasema halijaona kitu, mpe mwenye duka namba ya muamala iliyo kwenye SMS. Ni herufi na tarakimu chache tu, lakini ndiyo kitambulisho cha malipo yako. Ukiwa umelipa mara mbili, mpe namba zote mbili. Ni miamala miwili tofauti, na bila namba ya pili hawezi kujua anachotafuta.

Nne, usimpe mtu yeyote namba yako ya siri kwa sababu ati anakusaidia "kuharakisha" malipo yaliyokwama. Hakuna mhudumu wa kweli anayeihitaji kwa kazi hiyo. Matapeli wanajua kwamba mtu aliyekwama ana wasiwasi, na wasiwasi ndio wanaoutumia.

Na kama wewe ndiye unayeuza, hata dukani, usikubali SMS ya kwenye simu ya mteja kuwa ndiyo malipo. Mazungumzo haya hutokea kila siku:

"Mama, nimelipa tayari. Ona ujumbe huu hapa."

"Sikatai, mwanangu. Lakini kwangu haijaingia. Ngoja kidogo tuone."

Mama huyo amefanya sawa. Ujumbe kwenye simu ya mtu mwingine unaweza kuandikwa na mtu yeyote. Ushahidi wako ni taarifa inayoingia upande wako.

SASA KWA MWENYE DUKA LA MTANDAONI

Turudi kwa yule mama wa keki. Kwa nini tovuti yake ilisema kuna hitilafu? Pengine fundi aliiandika hivi: mteja akibonyeza "Lipa", seva itume ombi, ingoje namba ya siri, ingoje matokeo, itengeneze risiti, itume barua pepe, halafu ndiyo imjibu mteja. Yote kwa pumzi moja.

Seva nyingi na vivinjari vina kikomo cha kungoja. Kikomo kikifika, mteja anaonyeshwa hitilafu, hata kama pesa inahama wakati ule ule. Dawa ni kutenganisha jibu na kazi. Kuna njia mbili kuu.

Njia ya kwanza: anzisha mchakato na uuachilie

Mchakato ni programu ikiwa kazini kwenye kompyuta. Tovuti inaweza kuanzisha mchakato mwingine, ukajitegemea, yenyewe ikarudi kumjibu mteja. Kwenye seva za Linux, ambazo ndizo tovuti nyingi hutumia, amri huwa kama hii:

nohup php /home/duka/tuma_risiti.php 4521 > /home/duka/risiti.log 2>&1 < /dev/null &

Hebu tuipasue vipande, kwa sababu kila kipande kina kazi yake.

Neno nohup lina historia inayotuhusu sisi watu wa simu. Miaka ya 1970, mfumo wa Unix ulipokuwa mchanga, watu waliweza kuingia kwenye kompyuta kubwa kwa kupiga simu. Laini ikikatika, kompyuta ilituma ishara kwa programu za mtu huyo, na kwa kawaida programu zilikufa. Nohup ilimaanisha: simu ikikatwa, kazi isikatwe. Ishara hiyo bado ipo hadi leo na bado inaitwa SIGHUP, jina linalotokana na kukata simu.

Alama ya & mwishoni inasema: usingoje hii imalizike, endelea na mengine.

Zile alama za > na 2>&1 zinaelekeza maneno yote ya programu, ya kawaida na ya makosa, kwenye faili ya kumbukumbu. Hapa ndipo mafundi wengi hukwama. Kwenye PHP, ukianzisha programu kwa exec bila kuelekeza maneno yake kwingine, tovuti itaendelea kungoja mpaka programu hiyo imalize, hata ukiweka &. Ni kama mhudumu amempa mpishi oda lakini bado ameshikilia mwiko. Kipande cha < /dev/null kinamalizia: programu hii haitasubiri mtu yeyote aiandikie kitu.

Na 4521? Hiyo ni namba ya oda. Tafadhali mwambie fundi wako hili kwa herufi kubwa: maneno aliyoandika mteja yasiingizwe kwenye amri ya seva. Mtu akiandika kwenye kisanduku cha jina lake maneno yaliyo na amri ndani yake, seva inaweza kuyatekeleza kama amri yako. Mpe mchakato namba ya oda pekee, ambayo imetolewa na mfumo wako, na uache mchakato wenyewe usome jina na namba ya simu kutoka kwenye hifadhidata.

Lugha nyingine zina njia zake. Kwenye Python kuna subprocess.Popen yenye start_new_session=True. Kwenye Node.js kuna spawn yenye detached: true, stdio: 'ignore', kisha unaita unref(). Majina ni tofauti lakini lengo ni lile lile: mtoto apewe kikao chake mwenyewe, asishike mdomo wa mzazi, na mzazi asimngoje.

Udhaifu wa njia hii

Njia hii inafaa kwa kazi ndogo ambayo ikipotea hakuna atakayelia. Kwa pesa, ina mashimo matatu.

Shimo la kwanza: umeme au seva ikizima katikati, mchakato umekufa na hakuna anayekumbuka kwamba ulikuwepo. Hata nohup haisaidii. Tena, kwenye seva zinazosimamiwa na systemd, fundi akiianzisha upya huduma ya tovuti, kwa kawaida michakato yote iliyozaliwa na huduma hiyo inauawa pamoja nayo, hata ile iliyojitenga. Fundi aliyeweka marekebisho madogo saa nane mchana anaweza kukatiza risiti ishirini bila kujua.

Shimo la pili: hakuna kikomo. Siku ya ofa, wateja 300 wakilipa ndani ya dakika chache, seva inaanzisha michakato 300. Kumbukumbu ya kompyuta inajaa, na kila kitu kinasimama, pamoja na tovuti yenyewe.

Shimo la tatu: kazi ikishindwa, haijaribiwi tena. Mtandao ulipotea sekunde mbili, barua pepe haikwenda, na basi.

Njia ya pili: foleni ya kazi na mpishi wa kudumu

Kwenye kibanda kizuri, mhudumu hampigii mpishi kelele kisha akasahau. Anachoma karatasi ya oda kwenye msumari pale dirishani. Mpishi akizirai na mwingine akaingia zamu, karatasi bado ziko pale.

Karatasi hizo, kwenye tovuti, ni jedwali moja ndani ya hifadhidata. Kila mstari una namba ya oda, kazi inayotakiwa, hali yake (inangoja, inafanywa, imekamilika, imeshindwa), na idadi ya majaribio. Tovuti ikipokea oda inaandika mstari mmoja na kumjibu mteja mara moja. Upande wa pili kuna programu moja ya kudumu inayochukua mstari, kufanya kazi, kubadilisha hali, na kuchukua mwingine.

Nani anaiamsha programu hiyo? Kwenye seva yako mwenyewe, iweke chini ya systemd kama huduma inayojitegemea, yenye Restart=always, ili ikianguka iinuliwe, na ikiwashwa upya tovuti yenyewe isiguswe. Kama umekodi nafasi ndogo isiyokuruhusu hilo, mara nyingi utakuwa na cron, saa ya kengele ya Linux. Mstari mmoja unatosha:

* * * * * flock -n /tmp/kazi.lock php /home/duka/fanya_kazi.php

Nyota tano zinamaanisha kila dakika. Ile flock -n ni kufuli: kama mpishi wa dakika iliyopita bado anapika, huyu mpya anarudi nyumbani, wasigombanie sufuria moja.

Kwa njia hii, seva ikizima saa tatu usiku na kuwaka saa tatu na robo, kazi zilizokuwa zinangoja zinaendelea kutoka pale zilipoachwa. Na ofa ikileta wateja 300, foleni inarefuka kidogo lakini tovuti haianguki.

KANUNI TANO ZA KUMPA FUNDI WAKO

1. Andika kwanza, jibu pili. Oda na ile namba ya kumbukumbu ya ombi viingie kwenye hifadhidata kabla ya mteja kuambiwa chochote. Vivyo hivyo ujumbe wa matokeo ukifika: uuhifadhi, uujibu haraka kwamba umepokelewa, kisha risiti na mengine yafanywe chinichini.

2. Hakikisha ujumbe wa matokeo ni wa kweli. Anwani ya wavuti inayopokea matokeo inaweza kugongwa na mtu yeyote akiijua. Linganisha namba ya kumbukumbu na kiasi kilicho kwenye oda. Oda ya KSh 1,800 isihesabiwe imelipwa kwa sababu imeingia KSh 18.

3. Kazi irudiwe bila madhara. Ujumbe mmoja wa matokeo unaweza kuja mara mbili. Namba ya muamala iwe ya kipekee kwenye hifadhidata, ili ikija tena isihesabiwe tena. Mteja kupata risiti mbili ni usumbufu mdogo. Kupelekewa keki mbili, au kuongezewa salio mara mbili, ni hasara yako.

4. Kimya si kukataa. Matokeo yasipofika, usiandike "imeshindwa" na kumwambia mteja alipe upya. Uliza mfumo wa malipo hali ya ombi kwa kutumia namba ya kumbukumbu. Ukishajua kwa hakika kwamba halikufaulu, hapo sasa mpe nafasi ya kujaribu tena.

5. Mwambie mteja ukweli. Badala ya kiduara kisicho na mwisho, ukurasa useme: "Tumepokea oda yako namba 4521. Tunasubiri uthibitisho wa malipo. Ukishaweka namba ya siri, usilipe tena." Kisha ukurasa wenyewe uulize seva kila baada ya sekunde chache kama hali imebadilika. Mteja akibonyeza "Lipa" tena kwa oda ile ile, aonyeshwe hali ya ombi la kwanza, asitumiwe ombi jipya.

Kanuni hiyo ya mwisho peke yake ingemwokolea mteja wetu wa Ijumaa KSh 1,800, na mama wa keki angeokoka simu kumi za malalamiko wakati mikono yake imejaa unga.

MASWALI MNAYOULIZA

Ningoje muda gani kabla ya kulipa tena?

Usihesabu dakika, tafuta jibu. Ukiwa na SMS au taarifa ya miamala inayoonyesha kwamba malipo ya kwanza hayakufaulu, unaweza kulipa tena. Bila jibu hilo, wasiliana na duka au huduma kwa wateja kwanza.

Nilipata ombi la namba ya siri na sijanunua kitu. Nifanyeje?

Likatize. Huenda mtu alikosea tarakimu moja ya namba yake kwenye tovuti fulani, au ni tapeli anajaribu bahati. Bila namba yako ya siri ombi hilo linafutika lenyewe na hakuna kinachotoka. Kabla ya kuweka namba ya siri, soma kila mara jina la anayelipwa na kiasi.

Duka langu ni dogo, oda tano kwa siku. Kweli nahitaji foleni?

Wahudumu watano hawatakushinda, hilo ni kweli. Lakini shida ya kulipwa mara mbili haitegemei ukubwa. Inahitaji mteja mmoja tu na mtandao mbovu wa dakika moja. Jedwali moja na mstari mmoja wa cron ni kazi ya alasiri moja kwa fundi anayejua kazi yake.

Nitajuaje kama tovuti yangu imefanywa vizuri?

Ijaribu mwenyewe na bidhaa ya KSh 10. Bonyeza "Lipa", na kabla ya kuweka namba ya siri, funga ukurasa. Sasa weka namba ya siri. Ngoja dakika mbili. Je, oda imeandikwa kwamba imelipwa? Je, risiti imekuja? Kama jibu ni ndiyo, mpishi wako yuko jikoni. Kama ni hapana, tovuti yako bado inamtegemea mteja asimame mlangoni, na siku moja ataondoka.

MWISHO

Wewe unayelipa, kumbuka jambo moja: ukurasa ni mhudumu tu. Malipo yanapikwa kwingine, na jibu la kweli liko kwenye SMS, kwenye salio na kwenye namba ya muamala. Soma kabla ya kubonyeza tena.

Na wewe unayeuza, fanya lile jaribio la KSh 10 leo jioni, wakati duka limetulia. Likikataa, mtumie fundi wako makala haya na umwonyeshe zile kanuni tano. Ni afadhali shimo ulione wewe kwa shilingi kumi kuliko mteja alione kwa KSh 1,800.